Picha mseto za pasipoti: njia tatu za kurudisha sura za asili, na ipi uichukue

Mchele na choroko vikishapikwa mseto, hakuna anayerudisha choroko kavu kwenye gunia. Picha ya uso iliyochanganywa kutoka kwa watu wawili ina nafuu kidogo. Ukiwa na picha safi ya mmoja wao, wa pili anaweza kupatikana, ingawa atatoka amepondeka. Usipokuwa nayo, kompyuta inakisia, na ubaya wa kompyuta za siku hizi ni kwamba zinakisia kwa sura nzuri sana. Tofauti hiyo ndiyo iamue unachonunua au unachojenga, kabla hujasikiliza muuzaji yeyote.

Ujanja wenyewe unakwenda hivi. Mtoro anayetafutwa anampata mshirika asiye na kesi. Picha zao zinachanganywa kuwa uso mmoja unaofanana na wote wawili. Mshirika anakwenda kuomba pasipoti kwa jina lake halisi, karani anaona picha inamfanana, na pasipoti inatoka halali kabisa: chipu ya kweli, sahihi ya kidijitali ya kweli. Kisha mtoro anasafiri nayo, na mlango wa kielektroniki wa uwanja wa ndege unamkubali kwa sababu uso wake nao umo mle. Matteo Ferrara, Annalisa Franco na Davide Maltoni wa Chuo Kikuu cha Bologna walionyesha hatari hii mwaka 2014. Mwaka 2018 kundi la wanaharakati la Peng! la Ujerumani lilipata pasipoti yenye uso wa mmoja wao uliochanganywa na wa Federica Mogherini, aliyekuwa mkuu wa sera za nje wa Umoja wa Ulaya. Tangu Mei 1, 2025, Ujerumani haipokei tena picha za karatasi kwa pasipoti na vitambulisho.

Tanzania imekuwa na pasipoti ya kielektroniki tangu Januari 2018, na mabenki na kampuni za mikopo ya simu hapa Dar es Salaam zinazidi kumtambua mteja kwa selfi. Kwa hiyo swali linawahusu wengi zaidi ya wanaokaa kwenye dawati la uwanja wa Julius Nyerere.

Kwanza: nani amesimama mbele ya kamera?

Wauzaji hawalisemi hili, nalo ndilo linaloamua kama kurudisha sura kuna faida. Kanuni ya njia zote zenye picha ya rejea (picha safi ya aliyesimama mbele yako) ni moja: unamwondoa mtu unayemwona, anabaki usiyemwona.

Kwenye mlango wa uwanja wa ndege, aliyesimama ni mtoro. Ukimwondoa, anabaki mshirika. Lakini mshirika unamjua tayari, maana jina lake limeandikwa kwenye pasipoti! Sura iliyorudishwa hapo inathibitisha tu kwamba kuna mchezo.

Kwenye dawati la maombi mambo yanageuka. Aliyesimama ni mshirika, na ukimwondoa anabaki mtoro, sura ambayo unaweza kuipeleka kwenye orodha ya wanaotafutwa. Hapo ndipo kazi hii inapolipa. Ila kuna kejeli: ili karani asishtuke, uso wa mshirika huwa umepewa fungu kubwa zaidi kwenye mseto, kwa hiyo sura ya mtoro unayoitaka ndiyo inayotoka chafu zaidi. Hesabu iko hapa chini.

Njia ya kutoa: hesabu ya darasa la saba, matokeo ya kuaminika

Hii ndiyo njia ya Bologna, iliyochapishwa na watafiti haohao mwaka 2018. Mseto wa kawaida ni wastani wa pikseli: fungu *u* la mtu wa kwanza, na fungu lililobaki la mtu wa pili. Ukiwa na picha hai ya wa kwanza, yaani iliyopigwa papo hapo (H), na picha ya hati (M), wa pili ni:

(M − u × H) ÷ (1 − u)

Chukua pikseli moja ya shavu. Kwenye hati ina thamani 140, kwenye picha hai 120, na mchanganyiko ni nusu kwa nusu. 140 toa 60 ni 80, gawa kwa 0.5 unapata 160. Hiyo ndiyo pikseli ya mtu aliyefichwa. Ukikosea fungu ukaweka 0.3, unapata 149, yaani bado kuna mabaki ya mtu wa kwanza. Ukizidisha hadi 0.7 inaruka hadi 187, na uso unaanza kufanana na filamu ya picha za zamani.

Utaratibu wake:

1. Soma picha kutoka kwenye chipu (faili linaloitwa DG2). Usiskani ukurasa wenye picha, kwa sababu michoro ya usalama iliyochapwa juu ya uso itaingia kwenye hesabu. Hakiki sahihi ya chipu kwanza. Ikikataa, una tatizo jingine kabisa na hii si dawa yake.
2. Piga picha hai ya uso unaotazama mbele, mdomo umefungwa, bila miwani. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linataka angalau pikseli 90 kati ya macho mawili. Chini ya hapo usipoteze muda.
3. Weka nukta za uso kwenye picha zote mbili (macho, nyusi, pua, midomo, kidevu), kisha gawa uso kwa pembetatu za Delaunay, yaani pembetatu zinazounganisha nukta zilizo jirani.
4. Tumia kanuni ileile kwenye *mahali* pa nukta, si rangi peke yake. Wengi wanairuka hatua hii. Mseto huchanganya umbo pia, kwa hiyo usiporudisha umbo utapata ngozi ya mtu mmoja iliyonyooshwa juu ya fuvu la mwingine.
5. Linganisha mwanga wa picha hai na wa hati kabla ya kutoa. Kisha toa, na kata thamani zote zibaki kati ya 0 na 255.
6. Rudia kwa u = 0.1, 0.2, 0.3, 0.4 na 0.5. Kila mara pima ufanano kati ya sura iliyotoka na picha hai.

Hatua ya sita ndiyo inayotoa hukumu. Hati ikiwa halali, ukimtoa mtu kutoka kwake mwenyewe anabaki yeye yule, na ufanano unashuka taratibu. Ikiwa ni mseto, unaporomoka. Angalia mwinamo wa mstari mzima. Namba moja haitoshi.

Sasa matatizo yake, maana yako mengi. Kugawa kwa (1 − u) kunakuza kila kosa. Mtu uliye naye akiwa na fungu la 0.3 au 0.4, kama mtoro mlangoni, makosa yanakua mara 1.4 hadi 1.7. Akiwa na 0.6 au 0.7, kama mshirika kwenye dawati la maombi, yanakua mara 2.5 hadi 3.3. Na makosa hayakosekani: picha ya chipu kwa kawaida imebanwa ikawa kilobaiti 15 hadi 20 tu, kwa hiyo vile vimiraba vya JPEG navyo vinakuzwa mara tatu.

Mwanga ndio unaoumiza zaidi hapa kwetu. Tuseme msafiri ni mwenyewe kabisa, hati inasema 140, lakini jua la saa kumi limeingia dirishani likapiga shavu moja, na kamera inasoma 180. Kwa nusu kwa nusu unapata 100. Shavu linatoka jeusi, ufanano unashuka, na raia mwema anavutwa pembeni. Jasho linalong'aa kwenye paji la uso linafanya vilevile. Taa mbili laini za pembeni na pazia zito zitakusaidia kuliko kubadilisha programu.

Kingine ni kiraka. Mchanganyaji mwerevu hachanganyi picha nzima. Anachanganya sehemu ya ndani ya uso tu, kisha anaibandika kwenye nywele, masikio na mandhari ya mshirika, ili kivuli cha nywele mbili kisionekane. Ukitoa picha nzima kwa nusu, eneo la nywele litaharibika bila sababu na kukuchanganya. Fanya hesabu ndani ya kinyago, yaani mpaka unaouchora kwenye picha kuanzia juu ya nyusi hadi kidevuni. Kwa wanawake wenye hijabu au misuko, kinyago hicho si hiari.

Mwisho, njia hii inadhani mchanganyiko ulifanyika kwenye pikseli. Mseto uliotengenezwa kwa mitandao ya nyuroni (akili bandia) inayozalisha sura, kama MIPGAN ya 2021, unachanganya mahali pengine kabisa, ndani ya namba za mtandao, na kanuni ya kutoa haina tena maana kamili.

Pamoja na hayo yote, hii ndiyo njia tunayoiheshimu zaidi. Inakimbia kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, haihitaji kufundishwa kwa picha za mtu yeyote, na hakimu akiuliza "mmeipataje sura hii?" unaweza kumwandikia hesabu ubaoni. Sura inayotoka ni chafu, ina vivuli, lakini kila kivuli kina sababu inayoelezeka.

Mtandao wa nyuroni wenye picha ya rejea

Hapa badala ya kanuni unaweka mtandao uliofundishwa: unaupa picha ya hati na picha hai, unakupa mtu wa pili. FD-GAN ya 2019 ni mfano unaotajwa sana. Faida yake ni ya kweli: mtandao unajifunza kupuuza tofauti za mwanga na mkao zinazoiumiza njia ya kwanza, na huhitaji kukisia fungu. Sura inatoka laini.

Ulaini huo ndio wa kuogopa. Mtandao umefundishwa kutoa nyuso zinazopendeza, kwa hiyo pale taarifa zilipopotea unajaza kwa wastani wa nyuso ulizoziona mafunzoni. Kama mafunzo yalikuwa ya wanafunzi wa vyuo vya Ulaya, pua ya mtu wa Temeke itarekebishwa kimyakimya kuelekea huko. Mkaguzi hawezi kujua ni sehemu gani imetoka kwenye hati na ipi imebuniwa.

Kabla ya kulipa, dai jaribio moja: weka hati halali 100, kila moja na picha hai ya mwenyewe. Hesabu ni mara ngapi mfumo unakutolea mtu tofauti. Muuzaji akikwepa jaribio hilo, umepata jibu.

Kutoka kwenye picha moja tu

Hii ndiyo inayovutia vichwa vya habari: unaweka picha mseto peke yake, zinatoka sura mbili. Sudipta Banerjee, Prateek Jaiswal na Arun Ross waliitoa hadharani mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaja SDeMorph, inayotumia mbinu ya kuondoa kelele (chembechembe zinazochafua picha) hatua kwa hatua.

Kihesabu, swali lenyewe halina jibu moja. Ongeza chochote kwenye picha upate mtu wa kwanza, punguza kiasi kilekile upate wa pili, na wastani wao utabaki ni picha uliyoanza nayo. Jozi kama hizo hazina mwisho. Kinachochagua jozi moja ni kumbukumbu ya mtandao kuhusu nyuso halisi zilivyo. Kwa hiyo kuna namna mbili za kushindwa. Ya kwanza ni ya uvivu: mtandao unarudisha ule mseto wenyewe mara mbili, na alama za ufanano na watu wote wawili zinaonekana nzuri kwa sababu mseto unafanana nao tayari. Ukiona ripoti inayojisifu kwa ufanano na watu wa asili bila kuonyesha kwamba sura mbili zilizotoka *hazifanani zenyewe kwa zenyewe*, iweke kando. Ya pili ni ya ubunifu: unaweka picha ya mtu mmoja halali, zinatoka sura za watu wawili ambao hawajawahi kuzaliwa.

Ina mahali pake lakini. Kuna kumbukumbu za zamani ambazo picha hai haipo tena: faili la maombi la miaka minane iliyopita, hati iliyokamatwa bila mwenyewe. Hapo inaweza kutoa sura za kuanzia uchunguzi, kama mchoro wa polisi unaotokana na maelezo ya shahidi. Kama ushahidi, hapana. Zile zinazoondoa kelele kwa hatua zinataka pia kadi nzuri ya michoro, na kasi yake si ya kumweka msafiri kwenye foleni.

| | Kutoa | Mtandao wenye rejea | Picha moja |
|---|---|---|---|
| Unachohitaji | Chipu na picha hai | Chipu, picha hai, mafunzo | Picha ya hati, mafunzo mengi |
| Adui mkubwa | Mwanga, mgandamizo | Nyuso zisizokuwa kwenye mafunzo | Kubuni watu |
| Mahakamani | Inaelezeka | Kwa shida | Usithubutu |
| Ifae wapi | Dawati la maombi, mlango | Mlango wenye mwanga usiotulia | Kumbukumbu za zamani |

Na kama huhitaji sura yenyewe?

Mara nyingi hauihitaji. Mlinzi wa mlango anataka kujua kama hati ni mseto, basi. Kwa kazi hiyo kuna mshindani ambaye tungemchagua kabla ya njia ya pili na ya tatu: chukua vekta ya sura, yaani orodha ya namba inayoeleza uso, ya picha ya hati na ya picha hai kutoka kwenye mtandao wa kutambua sura wa aina ya ArcFace (namba 512 kila moja), toa moja kwa nyingine, na fundisha kitenganishi chepesi kwenye tofauti hiyo. Scherhag, Rathgeb, Merkle na Busch walieleza njia hii mwaka 2020. Kwa kuwa inafanya kazi kwenye utambulisho badala ya pikseli, mseto wa mitandao inayozalisha sura hauipi shida kama unavyoipa njia ya kutoa.

Mwongozo wa Agosti 2025 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unatoa picha ya ukubwa wa pengo. Vigunduzi vinavyotazama picha moja vinaweza kufika hadi asilimia 100, kwa kengele za uongo asilimia 1, mseto ukiwa umetengenezwa kwa programu ambayo kigunduzi kiliiona mafunzoni. Programu ikiwa ngeni, vinashuka chini sana ya asilimia 40. Vinavyolinganisha na picha hai vilibaki kati ya 72 na 90 kwenye programu mbalimbali. Picha hai ndiyo mali. Algoriti inakuja baadaye.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa ofisi yenye fedha ya kiasi ni huu: tofauti ya vekta kwa kila mtu, na njia ya kutoa kwa wale tu waliopigiwa kengele, ikisomwa na mkaguzi mwenye mafunzo. Piga hesabu ya kengele mapema. Wasafiri 5,000 kwa siku, kengele za uongo asilimia 1, ni watu 50 wa kuketi na kukaguliwa kila siku. Kama una wakaguzi wawili na kila ukaguzi ni dakika kumi, hiyo ni zaidi ya saa nne kwa kila mmoja.

Kizingiti cha kiwandani usikiache kilivyo

Ripoti ya NIST ya Desemba 2019 iliona kwamba algoriti nyingi za kulinganisha sura hukosea kwa kumkubali mtu mwingine mara nyingi zaidi kwa nyuso za Afrika Mashariki na Magharibi kuliko za Ulaya Mashariki. Kwenye suala letu maana yake ni hii: kizingiti (alama ya ufanano inayotosha kusema ni mtu yuleyule) kilichopangwa ng'ambo kinaweza kuona sura iliyorudishwa ya mtu wa pili kuwa "bado ni yuleyule," na mseto ukapita. Pima upya kwa picha zilizopigwa hapa, kwa kamera utakayotumia, asubuhi na jioni, wanaume kwa wanawake, na watu wenye hati za karibu miaka kumi, ambao ndio huwa wamebadilika zaidi.

Weka pia kwenye jaribio picha za studio za mtaani. Picha nyingi za pasipoti zinazopigwa Kariakoo au Mnazi Mmoja hupitia kompyuta ili kubadilisha rangi ya nyuma, na fundi mwenye huruma huongeza kulainisha ngozi na kufuta chunusi. Simu nazo zina kichujio cha urembo kinachopunguza taya na kukuza macho bila mwenyewe kuombwa. Hayo si uhalifu, lakini yanabadilisha umbo, na hatua ya nne hapo juu itayaona kama mabaki ya mtu wa pili. Ukishindwa kutenganisha urembo na mseto, tatizo lako liko kwenye mapokezi ya picha. Piga picha mwenyewe dawatini, kama NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wanavyompiga mwombaji papo hapo, na sehemu kubwa ya kazi hii yote inakosa sababu ya kuwepo.

Upande wa leseni umewanasa wengi. Modeli ya nukta 68 za uso ya dlib (maktaba ya programu), ambayo karibu kila mfano wa mtandaoni unaitumia, ilifundishwa kwa picha ambazo masharti yake hayaruhusu biashara. Modeli zilizofundishwa za InsightFace nazo zimetolewa kwa utafiti tu. Benki haiwezi kuzichukua hivihivi. MediaPipe, yenye nukta 468, ina leseni ya Apache 2.0 na inatosha kwa hatua ya tatu, ingawa utahitaji kuchagua nukta chache. Zote 468 hufanya pembetatu ndogo mno, na zinatetemeka.

Na sura iliyorudishwa ni taarifa ya kibayometriki ya mtu ambaye hakuja ofisini kwako wala hakukubali chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inahesabu kibayometriki kuwa taarifa nyeti. Kabla ya kuwasha mfumo, andika nani anaruhusiwa kuifungua sura hiyo, inalinganishwa na orodha ipi, na inafutwa baada ya siku ngapi kengele ikithibitika kuwa ya uongo. Hifadhi pamoja nayo picha ya hati, picha hai na fungu la *u* lililotumika. Bila vitu hivyo vitatu mkaguzi wa pili hawezi kurudia hesabu.